Gari Livutalo na Kivutwa: Funzo la Njia ya Sitalike

Mtu atokaye Mpanda kuelekea kusini hufika Sitalike baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 35. Ni kijiji kilichoketi kando ya Mto Katuma, penye viboko wengi, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi lami ya kutoka Mpanda ilikomea hapo. Aliyetaka kuendelea hadi Kibaoni au Sumbawanga alishika njia ya changarawe katikati ya mwitu, akajitegemea kwa maji, mafuta na chakula.

Wasomaji wetu wa visiwani watauliza: Sitalike inatuhusu nini sisi tulioko pwani? Inatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, barabara ya magharibi ni moja ya njia wanazopita wageni watokao kusini mwa Afrika kupitia Zambia. Hao huja na nyumba zao za magurudumu zikikokotwa nyuma ya gari, wakapita Sumbawanga na Katavi, na wengi wao humalizia safari kwenye fukwe za bahari. Ya pili, sisi wenyewe tumekwisha kuwa watu wa matela. Boti za plastiki zinavutwa kutoka gereji hadi pwani, matangi ya maji yanavutwa mashamba, na vijana wetu wanaofanya kazi bara wanavuta mizigo ya biashara nyuma ya gari ndogo. Kwa hiyo jambo linalopimwa vikali katika njia ya Sitalike linapimwa pia, japo kwa upole, katika njia ya Nungwi na ya Makunduchi.

Jambo lenyewe ni hili: gari livutalo lazima lilingane na kitu linachokivuta. Wengi wetu tunadhani kulingana ni habari ya nguvu za injini. Dereva akiona gari lake limeondoka na tela bila kukoroma, huamini kwamba mambo yamekamilika. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kuvuta ni kazi ya injini, lakini kuzuia, kukata kona na kutulia njiani ni kazi ya uzito, breki, springi na matairi. Injini yaweza kuushinda mzigo asubuhi, na mzigo huohuo ukalishinda gari jioni kwenye mteremko.

Historia ya nchi hiyo inatupa mfano. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kimataifa iliyoanzishwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilishusha ndovu wanne wa kufugwa kutoka Bara Hindi katika pwani ya Msasani, wapelekwe hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi. Tumaini lilikuwa kwamba ndovu, kwa kuwa ana nguvu kuliko wapagazi makumi kadhaa, angemaliza taabu ya uchukuzi. Wengi wao walikufa, na kiongozi wa msafara huo, Kapteni Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880. Nguvu za mnyama peke yake hazikutosha. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliodhaniwa kuwa dhaifu, waliendelea kupita njia hizo kwa sababu mzigo wa kila mmoja ulipimwa kwa frasila kabla ya kuondoka pwani, na ukawekwa katika kadiri ya mabega yake. Wazee wetu walijua kupima kabla ya safari, na sisi wenye injini hatuna udhuru wa kuacha kufanya hivyo.

Na tuanze na uzito. Vyama vya wenye karavani vya Uingereza, nchi ambayo mchezo huu umekuwa mkubwa kwa muda mrefu, hutoa shauri linaloeleweka na kila mtu: dereva asiye mzoefu asivute karavani ambayo, ikiwa imekwisha kupakiwa, inazidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake. Hilo ni shauri tu, wala si sheria, nalo halifuti kikomo kilichowekwa na kiwanda kilichotengeneza gari. Lakini hekima yake iko wazi. Kilicho mbele lazima kiwe kizito kuliko kilicho nyuma, ili kiongozi awe ni gari wala si tela.

Tuchukue mfano. Karavani yenye uzito wa kilo 1,100 ikiwa tupu inauzwa kwa mtu mwenye gari la kilo 1,300. Kwa hesabu ya asilimia 85, gari hilo laweza kuvuta kilo 1,105, kwa hiyo muuzaji anasema yote ni salama. Sasa mwenye gari anaelekea Katavi. Anatia maji lita 100, nazo ni kilo 100. Anaweka madumu 4 ya dizeli ya lita 20 kila moja, nayo ni kilo zipatazo 67 bila kuhesabu madumu yenyewe. Mtungi wa gesi ni kilo 30. Chakula, zana, hema na matairi mawili ya akiba ni kilo 150. Jumla inakaribia kilo 1,450. Karavani ile iliyokuwa salama dukani sasa imelizidi gari kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Hakuna aliyesema uongo. Kosa limo katika kupima chombo kitupu na kusafiri na chombo kilichojaa. Mzigo huohuo nyuma ya gari la kilo 2,000 ungekuwa chini ya robo tatu ya uzito wa gari, na safari ingekuwa nyingine kabisa.

Hesabu ya pili ni ya mahali mzigo unapokaa. Hapa watu wa visiwani hawahitaji mwalimu wa kigeni. Mwenye gari la ng'ombe anajua kwamba mzigo ukizidi nyuma ya gurudumu, mti huinuka na kumkaba mnyama, na ukizidi mbele humlemea shingoni. Nahodha naye anajua kwamba shehena nzito huwekwa chini ngamani na katikati ya chombo. Jahazi lililolemewa tezini halishiki msukani vizuri, na lililolemewa omoni huzamisha pua katika mawimbi. Tela lina kanuni hiyohiyo. Vitu vizito vikae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na vitu vyepesi ndivyo vipelekwe mwisho.

Uzito ambao mdomo wa tela unakandamiza nao kiungo cha gari una kadiri yake. Kwa karavani za namna ya Ulaya, kadiri hiyo ni baina ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa karavani iliyopakiwa. Kwa mfano wetu wa kilo 1,450 ni baina ya kilo 72 na 101. Ukiwa mdogo mno, tela huanza kutikisa mkia. Ukiwa mkubwa mno, gari huinua pua. Tuseme kilo 100 zimekaa juu ya kiungo kilichoko mita 1.08 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake mbili zimeachana kwa mita 2.7. Ekseli ya nyuma haitabeba kilo 100 bali 140, na kilo 40 za ziada ni zile zilizoondolewa katika magurudumu ya mbele, ndiyo yale yanayoshika usukani na kufanya kazi kubwa ya breki. Dereva akijaza pia mizigo nyuma ya viti, usukani unakuwa mwepesi, taa za usiku zinamulika miti badala ya barabara, na yeye anasifu wepesi wa gari lake asijue kwamba linamponyoka.

Kupima uzito huo hakuhitaji mtambo. Tela lisimame mahali tambarare, magurudumu yake yakiwa yamewekewa vizuizi, na mdomo wake ushikizwe kwa kipande cha ubao juu ya mizani imara ya kupimia magunia, kwa urefu uleule wa kiungo cha gari. Kazi hiyo ni ya dakika kumi tu. Mtu aliyepakia atasogeza dumu moja au mawili mbele au nyuma, na huenda dumu hilo likawa ndilo lililookoa maisha yake.

Hesabu ya tatu ni ya mwendo, na hapa ndipo barabara mpya inapotutia wasiwasi. Katika changarawe, makunyanzi ya njia humlazimisha dereva kwenda polepole. Kiungo hupigwa, nati hulegea na springi huchoka, lakini mwendo huwa mdogo. Lami inapofika, mapigo hayo hukoma na mwendo huongezeka, na tela huingia katika hatari ya aina nyingine. Kila gari lenye tela lina mwendo wake wa kikomo. Chini ya kikomo hicho, tela likisukumwa na upepo au na lori linalopita, huyumba mara mbili tatu kisha hutulia lenyewe. Juu ya kikomo hicho kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka tela linaligeuza gari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza walichunguza jambo hili kwa majaribio na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Walionyesha kwamba mgawanyo wa mzigo ndani ya tela na uzito wa mdomo wake huathiri sana utulivu huo. Ndiyo kusema kwamba mpakiaji ndiye anayeweka kikomo cha mwendo kabla dereva hajakaa kwenye kiti.

Tela likianza kuyumba, dereva aachie mafuta, ashike usukani sawasawa bila kupambana nao, na aliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Asikanyage breki kwa ghafula. Wala asisikilize ushauri wa vijiweni kwamba aongeze mwendo ili alinyooshe tela, kwa kuwa kuongeza mwendo ni kukisogelea kile kikomo alichokwisha kukivuka. Na tukumbuke kwamba nguvu ya mwendo haikui sambamba na mwendo. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya mwendo inayozidi kwa asilimia 56 ile ya gari hilohilo likienda kilomita 80. Breki ndizo zinazopaswa kuimaliza nguvu hiyo yote.

Na breki ni breki za nani? Nchi za Ulaya zimeweka mpaka wa kilo 750: tela linalozidi uzito huo lazima liwe na breki zake lenyewe. Sisi tunaona matela yaliyochomelewa gerejini, yenye ekseli iliyotolewa katika gari bovu, yakibeba tani moja na zaidi bila breki yoyote, bila taa za nyuma, na bila mnyororo wa akiba wa kulishika tela endapo kiungo kitachomoka. Hatuwalaumu mafundi wetu, maana chuma wanachokichomelea ni imara. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba tela ni chombo cha barabarani kama vilivyo vingine, na wala si sanduku lenye magurudumu.

Ugumu wa njia ya magharibi unaongeza uzito wa maneno haya. Uwanda wa Ufipa uko juu zaidi ya mita 1,700 toka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Gari lililovuta vizuri pwani litahema huko. Kisha kuna miteremko ya kushuka kutoka uwandani, kama ile ya Lyamba lya Mfipa. Hapo anayetegemea breki peke yake huzipasha moto hadi zikamkatalia, na mwenye busara hushuka kwa gia ambayo angepandia. Tena ndani ya hifadhi, nyati au twiga hupita bila kupiga honi. Tumekwisha kuona katika Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhi, jinsi lami na mwendo vilivyowagharimu wanyama maisha hata ikabidi kuweka matuta na faini. Dereva mwenye tela lisilo na breki akikutana na tembo kwenye mwanga hafifu wa jioni hana nafasi ya kuchagua. Akisimama kwa nguvu, tela litamkunja, na asiposimama, tembo atamaliza mjadala.

Sasa tunageukia upande wa Serikali, maana makala haya hayakuandikwa kwa madereva peke yao. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilitungwa mwaka 2013, na Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019. Mizani za TANROADS zinalinda barabara dhidi ya malori, na kikomo cha tani 56 kwa malori makubwa kinajulikana na kila mwenye kampuni ya uchukuzi. Ni kazi njema, nasi tunaiunga mkono. Lakini mfumo huo unaanzia kwenye magari ya kilo 3,500. Umewekwa kuulinda mgongo wa barabara usivunjwe na mzigo. Haumlindi baba aliyeipakia familia yake katika gari la kilo 1,300 akafunga nyuma yake tela la kilo 1,450. Huyo hupita kando ya mizani akipungiwa mkono.

Pengo jingine liko katika mwendo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayazuia magari yanayozidi kilo 3,500 yasipite kilomita 80 kwa saa. Gari la kilo 2,200 na tela la kilo 1,400 kwa pamoja ni kilo 3,600, lakini kila kimoja peke yake hakifiki kikomo. Tunawashauri madereva wajihesabu kuwa wamo ndani ya kikomo cha kilomita 80 bila kungoja kulazimishwa. Na tunawashauri wanaotunga kanuni waseme hivyo kwa maandishi, ili askari wa barabarani asiachiwe kubahatisha.

Yapo mambo manne ambayo tunaona yawezekana bila fedha nyingi. Kwanza, kila tela lisajiliwe likiwa na kibao cha chuma kinachoonyesha uzito wake likiwa tupu na uzito wa juu linaoruhusiwa kuwa nao. Pili, mizani za barabarani zifunguliwe kwa wenye gari ndogo wanaotaka kupima kwa hiari yao, bila ada na bila kutishwa. Tatu, katika malango ya hifadhi, na Sitalike ingefaa kuwa mfano, mgeni mwenye karavani aulizwe uzito wake, breki zake zitazamwe, na aelezwe hali ya njia iliyoko mbele. Nne, vyuo vya ufundi na vya udereva vya pande zote mbili za Muungano vifundishe kuvuta tela kama somo, maana leo kijana hupewa leseni bila kuwahi kurudisha tela nyuma hata mara moja.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunataka kumwongezea mzigo mvuvi na mkulima mdogo, ambaye tela la kuchomelea ndilo mtaji wake wote. Hoja hiyo ni ya haki na hatuipuuzi. Kanuni ikiwa ni njia ya kukusanya faini, itamwumiza mnyonge na kumwacha mwenye nguvu apite. Ndiyo maana tumetaja kupima bure na kufundisha kabla ya kutaja adhabu, na tungependa wenye matela ya zamani wapewe muda wa kutosha wa kutia breki na taa. Lakini mvuvi huyohuyo ndiye anayepoteza boti, gari na riziki siku tela linapomgeuza. Unyonge wake ni sababu ya kumlinda, na haufai kuwa sababu ya kumwacha.

Visiwa vyetu havina haja ya kukumbushwa thamani ya kupima. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 ndugu zetu wa Ukara katika Ziwa Viktoria nao walifikwa na msiba kama huo kwa kivuko cha MV Nyerere. Baada ya misiba hiyo sote tulisema kwamba chombo kipakiwe kwa kadiri yake. Neno lile halikuhusu maji peke yake. Chombo cha nchi kavu nacho kina kadiri yake, na tofauti ni kwamba misiba yake huja mmoja mmoja, hapa wawili na pale watatu, bila kamera na bila tume.

Barabara za magharibi zitaendelea kufunguka, na wageni na biashara vitaongezeka. Tunazifurahia habari hizo. Tunaomba tu kwamba kabla ya funguo kuzungushwa, iwe ni Mpanda, Sitalike au Mkokotoni, yaulizwe maswali matatu: tela lina uzito gani likiwa limejaa, mzigo umekaa wapi, na nani atalisimamisha? Dereva asiye na majibu asubiri hadi ayapate. Na ofisa asiyeuliza ajue kwamba ameshiriki katika safari hiyo.